Nimekuta kidoli kwenye mkate wa Wafalme, sasa naambiwa tamales ni juu yangu. Hii ni nini?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, nimelelewa Mkatoliki kule Moshi, mume wangu ni Mlutheri. Tarehe 6 Januari tulialikwa na mfanyakazi mwenzangu Mmexico. Ukaletwa mkate mkubwa wa duara una urembo juu, kila mtu anakata kipande chake mwenyewe, kwenye cha kwangu nikakuta kidoli kidogo cha plastiki. Watu wakapiga kelele wakasema tarehe 2 Februari tamales (chakula chao cha unga wa mahindi chenye nyama ndani, kinafungwa kwenye maganda) ni juu yangu. Afu bibi yao akanishika mkono akanionyesha sanamu ya Mtoto Yesu, anasema mimi sasa ni mama yake wa ubatizo, nimtafutie nguo. Ni utani au wanamaanisha? Ni sikukuu ya Kanisa kweli, mbona kwetu sijawahi kuiona? Mume wangu anasema ni kuabudu midoli. Jirani yetu wa Puerto Rico nilipomuuliza hajui habari ya kidoli, yeye anasema kwao watoto wanaweka majani chini ya kitanda. Watoto wangu nao wanauliza mbona wenzao wanapata zawadi mara mbili. Na je, naweza kupika pilau badala ya hizo tamales?

JIBU:

Dada yangu, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo.

Wanamaanisha. Wanacheka ndio, na watakutania mpaka siku yenyewe ifike, lakini tarehe 2 Februari kuna watu watakuwa na njaa wanakuangalia wewe, na usipotokea hakuna atakayekusema usoni ila bibi atalikumbuka. Sasa usiogope. Jinsi inavyotangazwa pale mezani unaweza kudhani umepigwa faini, kumbe kile kidoli kimekutoa kwenye kundi la wageni kikakuweka kwenye kundi la watu wa nyumbani. Nimefanya kazi na familia za Kihispania, yaani watu wa Amerika ya Kilatini wanaosema Kihispania, parokiani muda mrefu kiasi, na kitu nilichojifunza ni kwamba hawa watu wanapenda sana kutengeneza undugu kwa njia ya usimamizi: ubatizo una wasimamizi, komunyo ya kwanza ina wasimamizi, binti akitimiza miaka 15 kuna msimamizi wa keki na msimamizi wa viatu, na Mtoto Yesu wa nyumbani naye ana wasimamizi wake. Wewe umeingia kwa mlango huo. Ungekuwa mgeni tu wangekupa kahawa, wakakuaga vizuri na ikaishia hapo.

Ili uelewe kwa nini kitu cha Januari kinadaiwa Februari, inabidi ujue Noeli ya Kimexico haiishi tarehe 25. Sisi kwetu pango la Noeli linakaa pale kanisani, mwaka mpya ukipita watu washasahau, wanawaza ada za shule. Wao usiku wa tarehe 24 Desemba wanamchukua Mtoto Yesu, wanamwimbia nyimbo za kubembeleza kama mtoto kweli, wanampitisha watu wambusu, afu wanamlaza pangoni. Tarehe 6 Januari zinafika sanamu za wale Wafalme, yaani mamajusi, na ngamia wao, kuna familia kila siku wanawasogeza kidogo kidogo toka pembeni ya kabati mpaka wafike pangoni siku hiyo. Mtoto anaendelea kulala pale hadi tarehe 2 Februari, siku hiyo anainuliwa, anavalishwa, anapelekwa kanisani kubarikiwa, na pango ndo linabomolewa. Yaani ni hadithi moja yenye siku 40. Mkate ule unaliwa katikati ya hadithi, na aliyepata kidoli ndo anapewa jukumu la kuimalizia.

Ni ya Kanisa? Ndio, na zote mbili unazijua, ila umezijua kwa sura nyingine. Tarehe 6 Januari ni Epifania, Tokeo la Bwana, Injili ni ile ile ya Mathayo sura ya 2 uliyoisikia toka utotoni, mamajusi kutoka mashariki na dhahabu na uvumba na manemane. Kwenye nchi nyingi, Marekani ikiwemo, inasogezwa Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 2 na 8, kwahiyo wengi inatupita kama Jumapili ya kawaida tu, padre anahubiri nyota, watu wanaenda nyumbani kula. Wahispania wao hata kama misa imesogezwa, nyumbani tarehe ni 6, haisogei. Na tarehe 2 Februari ni Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, ile misa ya kubariki mishumaa. Kama ulisoma kwa masista utaikumbuka zaidi maana toka mwaka 1997, kwa agizo la Papa Yohane Paulo II, ndo siku ya watawa duniani. Wahispania wanaiita Candelaria. Hesabu mwenyewe kuanzia 25 Desemba, utapata 40, sababu sheria ya Musa kwenye Walawi 12 inasema mama aliyejifungua mtoto wa kiume anakaa siku 7 na nyingine 33 kabla ya kwenda hekaluni. Maria na Yosefu walitimiza hiyo sheria, na Luka anataja sadaka ya ndege wawili, ambayo ndo ilikuwa sadaka ya watu wasio na uwezo wa kununua mwanakondoo. Hapo hekaluni ndo mzee Simeoni anampakata mtoto na kumwita mwanga wa mataifa, mishumaa inatoka hapo.

Kwahiyo kalenda ni yetu wote. Mkate, kidoli na tamales ndo vya kwao.

Nikuongezee kitu, maana watoto wako watauliza. Mathayo hasemi walikuwa watatu. Hasemi walikuwa wafalme, na majina hataji. Tatu imetoka kwenye zawadi tatu, ufalme umetoka kwenye Zaburi ya 72 na Isaya 60 ambako wafalme wanaleta zawadi na ngamia wanajaa nchi, na majina Melchor, Gaspar na Baltasar yalikuja karne nyingi baadaye, ukienda Ravenna kule Italia kuna kanisa lina picha ya mawe madogo madogo ya karne ya 6 imewaonyesha watatu na majina yao juu. Halafu Ulaya ya zama za kati wachoraji wakaanza kumchora mmoja wao Mwafrika, ili ionekane dunia yote imefika pale pangoni. Kwahiyo ukiona kwenye pango la hao rafiki zako kuna mfalme mweusi, mara nyingi ndo Baltasar, na waonyeshe wanao. Ila Wapuerto Rico wengi wao mweusi ni Melchor, tena anachongwa amekaa katikati, na wanapanda farasi sio ngamia.

Sasa mkate. Unaitwa rosca de Reyes. Kuweka kitu ndani ya mkate wa siku hii ni kitu cha zamani sana Ulaya, walikuwa wanaficha haragwe kavu, atakayelipata anakuwa mfalme wa sherehe. Wahispania wa Hispania yenyewe wakaupeleka Mexico, na kule haragwe likageuka kidoli, kwanza cha kauri baadaye plastiki. Maelezo utakayopewa mezani ni haya: duara ni taji, matunda ya sukari yale ya rangi ni vito vya taji, kidoli ni Mtoto Yesu amefichwa asionekane na mfalme Herode aliyetaka kumuua, na kisu unachokatia ni ile hatari yenyewe, ndo maana kila mtu anakata mwenyewe kwa woga na wengine wanakata kajisehemu kembamba mpaka unacheka. Mimi naona mkate ulitangulia, maelezo yakafuata, lakini hilo halinisumbui hata kidogo, maelezo ni mazuri na yamewafundisha watoto wengi habari ya Herode kuliko katekisimu. Kidoli huwa sio kimoja pia. Rosca kubwa inaweza kuwa na vitatu, vinne au zaidi. Hebu ulize kama kuna mwingine alikipata siku ile, maana kuna watu hodari wa kukificha mfukoni au kukirudisha kimyakimya kwenye mkate, na wapo wanaotaniwa kwamba wamekimeza ili wasilipe. Kama mko wawili watatu, gharama mnagawana na hakuna anayeona vibaya.

Twende kwa bibi na lile neno lake la mama wa ubatizo, hapa ndo pa kuwa makini kidogo maana familia zinatofautiana. Kuna nyumba aliyepata kidoli analeta tamales basi. Kuna nyumba analeta tamales na pia ndo msimamizi wa Mtoto Yesu wa familia, anamnunulia nguo, anambeba kwenda kanisani. Na kuna nyumba msimamizi alishachaguliwa toka usiku wa Noeli. Kwa vile bibi amekuambia kwa mdomo wake na akakuonyesha sanamu, wewe uko kundi la pili. Usikisie. Muulize huyo mfanyakazi mwenzako mambo mawili: Mtoto ana urefu gani (nguo zinauzwa kwa saizi, kwa sentimita), na mwaka huu anatakiwa avae nini. Hili la mwisho ni muhimu, wengi wana utaratibu kwamba mwaka wa kwanza anavaa nyeupe kama mtoto mchanga, baadaye anabadilishwa, na akifika mwaka wa tatu anakalishwa kwenye kiti kama mfalme. Mexico City kuna mtaa unaitwa Talavera, kule upande wa La Merced, kazi yake karibu yote ni nguo za Mtoto Yesu, vitaji, viatu vya nusu kidole, viti vidogo, na mafundi wa kurekebisha vidole vilivyokatika. Utakuta nguo za kila aina: za mchungaji, za daktari, za mtakatifu fulani, hadi jezi ya timu ya taifa. Viongozi wa Kanisa kule wamekuwa wakiwaasa watu warudi kwenye nguo nyeupe rahisi, kwa sababu anayepelekwa hekaluni ni mtoto wa siku 40 na sio mchezaji, na mimi nakubaliana nao, jezi ni kuchekesha tu. Houston maduka ya Kimexico yanauza hizi nguo mwezi wa kwanza wote. Nunua nyeupe yenye lesi, bibi atalia machozi.

Siku yenyewe mnaenda misa, unambeba wewe mikononi au kwenye kikapu kidogo chenye maua, na mshumaa mkononi. Utakuta kanisa limejaa watu kila mmoja na mtoto wake, wakubwa wadogo, wengine wana mtoto wa urithi toka kwa bibi wa bibi, rangi imechubuka, hawauzi hata kwa dawa. Padre anabariki mishumaa na anawanyunyizia maji ya baraka. Vijijini Mexico wakulima wanaleta na mbegu za mahindi zibarikiwe siku hiyo kabla ya msimu. Kama unataka kujua kitu hiki kinaweza kwenda mbali kiasi gani, Xochimilco, kusini mwa Mexico City, kuna Mtoto Yesu anaitwa Niñopa, ana miaka mia kadhaa, hana kanisa lake, anakaa kwenye nyumba ya familia moja mwaka mzima na anahamia kwa nyingine kila tarehe 2 Februari, na familia zinajiandikisha foleni miaka mingi sana mbele ili zamu iwafikie, wengine wanajenga nyumba upya kwa ajili ya kumpokea. Ukilinganisha na huko wewe umebebeshwa kazi ndogo.

Haya, tamales. Lazima upike mwenyewe? Hapana. Familia nyingi za mjini wananunua, na mimi nakushauri ununue, kwa sababu tamales ni kazi ya siku nzima ya wanawake wanne wakiwa wanapiga umbea jikoni, peke yako mara ya kwanza utajuta. Zinauzwa kwa dazeni, peleka oda mapema sababu wiki hiyo kila mtu anataka, na piga hesabu ya mbili au tatu kwa mtu mzima. Chukua aina mchanganyiko: za nguruwe na sosi nyekundu, za kuku na sosi ya kijani, za pilipili na jibini, na chache za sukari za rangi ya pinki kwa ajili ya watoto. Na kinywaji, atole, ambao ni uji wa mahindi mwepesi wenye maziwa na mdalasini, kwa mtoto wa Kitanzania huo hauhitaji utambulisho, ukiwekwa chokleti unaitwa champurrado. Gharama isikutishe, chukulia kama mchezo wa upatu, mwaka huu zamu imekuangukia wewe na mwakani itamwangukia mwingine na wewe utakaa unakula.

Ukisema hapana nataka kupika, basi jambo moja tu nakuomba: usitumie sembe. Najua umeshaliwaza. Unga wa tamales unatoka kwenye mahindi yaliyochemshwa na chokaa ya chakula mpaka ganda likalegea, afu yakasagwa, harufu yake na mshikano wake ni kitu kingine kabisa, sembe itakupa ugali uliofungwa kwenye maganda. Nunua masa, ndo huo unga wao uliokandwa, iliyo tayari. Unaipiga na mafuta na chumvi na supu mpaka iwe nyepesi, kipimo chao ni kuchukua kadonge ukakatupia kwenye glasi ya maji baridi, kakielea tayari, kakizama endelea kupiga. Maganda makavu ya mahindi unayaloweka maji ya moto yalainike, unapaka masa, unaweka nyama katikati, unakunja, unazisimamisha kwenye sufuria ya mvuke saa nzima na zaidi. Wamama wanatupia sarafu chini ya sufuria, ikiendelea kugongagonga maji yapo, ikinyamaza ongeza maji. Watu wa Oaxaca na kusini wanatumia majani ya mgomba, na kama una jirani anayeuza hayo majani kwa ajili ya mambo yake jaribu, zinanukia vizuri sana. Na angalizo: mafuta ya asili ni ya nguruwe, hata zile za maharage au jibini mara nyingi zina mafuta hayo kwenye unga. Kama utaalika rafiki zako Waislamu, kawaida yetu Waswahili tunaalikana wote, uliza dukani kabla, au agiza zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea, tena nyama imechinjwaje nao wataiulizia.

Jirani yako wa Puerto Rico hajakosea, yeye ana sikukuu hiyo hiyo kwa namna ya kwao. Kidoli na deni la tamales ni Mexico zaidi. Kwao usiku wa tarehe 5 watoto wanakata majani, wanayaweka kwenye boksi la viatu chini ya kitanda ili wanyama wa Wafalme wale, asubuhi majani yamepungua yametapakaa sakafuni na pembeni kuna zawadi. Tarehe 6 kule ni sikukuu ya serikali, na mji wa Juana Díaz umekuwa ukifanya maandamano ya Wafalme toka mwaka 1884. Tena hawaishii hapo, wana siku nyingine nane za kuendelea kuimba na kutembeleana. Muombe akupikie arroz con gandules, utashangaa, hizo gandules ni mbaazi zetu kabisa, zilivuka bahari na watu wetu wa bara hili kwenye zile safari mbaya, na wao wali wa mbaazi ndo chakula chao cha Noeli.

Hispania yenyewe jioni ya tarehe 5 Wafalme wanapita mitaani na magari yaliyopambwa wanarushia watu pipi, watu wazima wanageuza miamvuli juu chini wadake nyingi. Mkate wao una kisanamu na haragwe, ukipata kisanamu unavalishwa taji, ukipata haragwe unalipia mkate. Halafu miaka mingi Baltasar alikuwa anaigizwa na mzungu aliyejipaka rangi nyeusi, hilo limeleta kelele kubwa na miji mingi siku hizi inamchukua mtu mweusi kweli, wakati ulikuwa umefika kitambo.

Na kuna Cuba, hii huwa siiachi. Enzi za utumwa Havana, tarehe 6 Januari ndo ilikuwa siku watumwa na Waafrika walioachwa huru waliruhusiwa kuingia mitaani na ngoma zao, kila kundi na asili yake, Wakongo, Walukumi (yaani Wayoruba) na wengine, wamevaa mavazi yao, na mfalme wao mbele, wanacheza mpaka ikulu ya gavana kudai zawadi ya sikukuu. Siku moja kwa mwaka. Wakoloni wakaipiga marufuku miaka ya 1880, wakati utumwa wenyewe unaelekea kuisha. Montevideo kule Uruguay na mji wa Corrientes wa Argentina mpaka leo watu wenye asili ya Afrika wanapiga ngoma siku hiyo kwa heshima ya Mtakatifu Baltasar. Kwahiyo ukikaa pale mezani Houston ukajiona wewe ndo Mwafrika wa kwanza kuingia kwenye hii sikukuu, hapana, tuko humo siku nyingi.

Kuhusu zawadi mara mbili, waambie wanao ni swali zuri. Kiasili walioleta zawadi ni Wafalme, mantiki yake iko wazi kabisa, wao ndo waliompelekea Mtoto zawadi. Watoto wanaandika barua, Mexico wengine wanaifunga kwenye puto wanaliachia liende juu, wanaweka viatu dirishani, asubuhi wanakuta kitu. Yule mzee wa nguo nyekundu amekuja baadaye, kaskazini mwa Mexico na hapa Marekani amepata nguvu kubwa, kwahiyo familia nyingi zinafanya vyote viwili, Noeli zawadi kubwa na Wafalme kitu kidogo, au kinyume chake kulingana na mfuko. Jamhuri ya Dominika wana hadi bibi mmoja anaitwa Vieja Belén, anapita baada ya Wafalme kwa watoto wa maskini ambao Wafalme hawakuwafikia. Huyo bibi mimi nampenda kuliko wote. Wewe nyumbani kwako fanya unavyoona, wanao wakiweka viatu mwakani ukatia machungwa na peremende inatosha, usijiingize kwenye mashindano ya matoyi.

Shemeji sasa. Mwambie kwanza Epifania iko kwenye kalenda ya KKKT vilevile, hakuna Mlutheri atakayeikana. La pili, hajakosea kuwa na wasiwasi, Kanisa Katoliki lenyewe lilitoa mwongozo mwaka 2001 kuhusu ibada za watu, unazisifu na papo hapo unataka zisipotoke zikaifunika liturujia. Wapo wanaopitiliza, nimewaona, mtu anaamini asipomvalisha Mtoto mwaka huu atapata mkosi, hiyo hapana, hiyo ni woga na padre anayejali atamrekebisha. Lakini bibi anayembembeleza Mtoto Yesu hafikirii kwamba ile kauri inamsikia. Anakumbuka kwamba Mungu alikuwa na miguu midogo kiasi hicho, na anakumbuka wajukuu wake aliowabeba na mama yake aliyemwachia sanamu. Asilazimishwe kupiga goti wala kubusu. Aje ale tu, na akitaka kufanya kitu cha Kilutheri asome ile Luka 2 kwa sauti kabla ya chakula, nina hakika watamruhusu na watapenda.

Pilau sasa. Pika, tena pika nyingi, na kachumbari. Ila isiwe badala, iwe pamoja. Tamales ziwepo mezani hata kama ni dazeni tatu za kununua, hilo ndo deni lenyewe, pilau ni nyongeza yako. Tarehe 2 ikiangukia katikati ya wiki waulize mapema, maana misa itakuwa jioni na wengine wanasogeza kula mpaka wikiendi, usije ukafika na sufuria la pilau watu wako kazini.